Mkasi Usiomjua Mtoto

Katika jumuiya zetu, tangu Litembo milimani hadi Liuli na Mbamba Bay kando ya ziwa, mtoto anayevimba vidole, anayelia viungo usiku na kuishiwa damu mara kwa mara hutafutiwa sababu nyingi. Wapo wasemao amelogwa. Wapo wasemao mama yake alivunja mwiko. Wanafunzi wa Bwana nao, mbele ya yule kipofu wa kuzaliwa, walitaka kujua kosa lilikuwa lake au la wazazi wake, na Injili ya Yohane inatuonyesha kwamba Bwana alikataa kumtafuta mkosaji. Leo ugonjwa huo tunalijua jina lake: selimundu. Chembe nyekundu ya damu hupoteza umbo lake la mviringo, ikapinda kama mundu na kukwama katika mishipa midogo. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka nchini Tanzania.

Chanzo chake ni herufi moja. Vinasaba vya mtu, yaani DNA, ni kama maandishi marefu yenye herufi nne tu, A, T, G na C, zilizopangwa kwa mfuatano wa herufi bilioni 3 hivi. Katika jeni ya kutengeneza hemoglobini, mahali palipopaswa kuwa GAG pameandikwa GTG. Mtoto anayerithi kosa hilo kwa baba na kwa mama pia huugua.

Sasa umekuja mkasi. Mwaka 2019 mama mmoja Mmarekani, Victoria Gray, alitibiwa selimundu huko Nashville kwa kukata DNA ya chembe zake za uloto. Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba hiyo, iitwayo Casgevy. Habari husafiri, na swali hufika hata uwanjani kwetu baada ya ibada: je, ni halali kukata alichoandika Mungu? Kabla ya kujibu inafaa tuuangalie mkasi wenyewe, maana wengi wanaoushangilia na wengi wanaoulaani hawajawahi kuuangalia.

Ni kimeng'enya kiitwacho Cas9. Binadamu hakukibuni. Kimetoka kwa bakteria, ambao hukitumia kujikinga na virusi. Bakteria aliyenusurika shambulio huhifadhi kipande cha maandishi ya virusi ndani ya DNA yake, kama mlinzi anayebandika picha ya mwizi getini. Nakala ya kipande hicho, yenye herufi 20 za kulinganishia, hushikamana na kimeng'enya na kukiongoza. Basi Cas9 huanza kutafuta, wala haisomi kila kitu. Kwanza hutafuta alama ndogo, herufi mbili za G zilizofuatana. Pasipo na alama hupita. Penye alama husimama, hufumua nyuzi mbili za DNA na kulinganisha herufi moja moja, ikianzia zile zilizo karibu na alama. Zisipooana mapema, huachia. Zikioana, kimeng'enya hubadili umbo, na makali yake mawili hukata kila moja uzi wake, herufi tatu kutoka kwenye alama.

Linalotustaajabisha zaidi ni jinsi bakteria asivyojikata mwenyewe. Picha ya mwizi imo ndani ya nyumba yake, kwa herufi zilezile, lakini pembeni mwa picha hiyo alama ya G mbili haipo. Kwa kitu kidogo hivyo, adui hutengwa na mwenye nyumba. Sisi tunaoamini kwamba viumbe vidogo navyo vina Muumba hatuoni aibu kusimama hapo kidogo.

Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier, Jennifer Doudna na wenzao walionyesha kwamba zile herufi 20 zaweza kuandikwa na binadamu, na mkasi ukaenda unakotumwa. Wengi hudhani kwamba Casgevy huutuma kufuta herufi mbaya ya selimundu. Sivyo. Hukata mahali pengine kabisa, kwenye swichi ya jeni iitwayo BCL11A, ambayo kazi yake mojawapo ni kuizima hemoglobini tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Swichi ikiharibika, hemoglobini ile ya kichanga huamka tena, na damu haipindi. Kosa la GTG hubaki palepale.

Na herufi hiyo tunayoiita kosa ina upande wa pili. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Sisi tunaoishi ziwani, ambako mbu hatuhitaji kusimuliwa, tulipime hilo vizuri. Katika nyumba moja, herufi ileile yaweza kumtesa mtoto mmoja na kumkinga ndugu yake. Cas9 haiwezi kuwatofautisha. Hutambua herufi, nani anaumwa na nani amekingwa si jambo lililo katika uwezo wake. Tena wakati mwingine hukata mahali panapofanana tu na pale ilipotumwa.

Kwa hiyo anayesema tusiguse alichoandika Mungu hatumkubalii. Huyohuyo akiugua malaria humeza dawa, na hatujaona anayemlaumu. Lakini hatumkubalii pia anayetaka herufi hiyo ifutwe katika vizazi vyote. Hati ya Kanisa Katoliki ya mwaka 2008, Dignitas Personae, inatenga mambo haya mawili: kutibu chembe za mwili wa mgonjwa kunakubalika kimsingi, kukiwa na tahadhari, kubadilisha chembe za uzazi, ambako madhara huenda kwa wasiozaliwa, hakukubaliki kwa hali ilivyo. Miaka kumi baadaye He Jiankui alitangaza huko China kwamba watoto wamezaliwa baada ya kukatwa DNA wangali viinitete, na mahakama ya nchi yake ikamfunga. Mpaka ule uliwekwa mahali pake.

Linalotusumbua zaidi ni bei. Marekani dawa hiyo ilitangazwa kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kabla ya kurudishiwa chembe zake mgonjwa huchomwa dawa kali za kuteketeza uloto wa zamani, akakaa hospitalini wiki nyingi. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, hupandikiza uloto wa ndugu kwa watoto wa selimundu, na hiyo ni habari njema. Lakini mtoto wa mwambao anahitaji mambo ya chini zaidi: kupimwa akiwa mchanga, chanjo, chandarua, vidonge vya haidroksiyurea visivyokatika. Kumjadili kwa habari ya mkasi wa Nashville huku hajapimwa damu ni kumpita njiani, kama wale wawili walivyompita majeruhi wa Yeriko.

Vijana wanaojiandaa kwa ndoa nao hutuuliza kama wapime. Tunawajibu ndiyo, na kwamba majibu si kizuizi cha ndoa. Wote wawili wakiwa na herufi hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa, nao wana haki ya kulijua hilo mapema. Hata yule aliyetibiwa kwa Cas9 akapona maumivu bado anaibeba herufi ileile katika chembe zake za uzazi. Akipata mchumba, itabidi wakae chini waulizane, kama wenzao wa Lituhi.