Kadari, Hiari na Bahari

Neno ajali tulilipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni muda uliowekwa: ile siku ya mwisho ambayo mja hawezi kuivuka wala kuitangulia. Washairi wetu wa kale walilijua kwa maana hiyo. Ajali ikifika, mtu huenda, awe kitandani mwake au vitani. Lakini katika matumizi ya kila siku neno hili limehama. Leo gari likipinduka, nyumba ikiungua au chombo kikizama, twasema imetokea ajali. Hivyo basi neno moja limebeba maana mbili zisizofanana: amri ya Mwenyezi Mungu isiyo na kosa, na tukio ambalo aghlabu lina mkosa wake. Tunaposema kwamba ajali haina kinga, ni ajali ipi tunayoikusudia?

Swali hili si la wanalugha peke yao. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache tu baada ya Idi, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba. Chombo kilichoruhusiwa kuchukua abiria mia sita na ushei kilikuwa kimepakia watu zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho, pamoja na shehena. Miili zaidi ya 200 iliopolewa. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilihitimisha kwamba waliokufa na kupotea walizidi 1,500. Hapana mtaa wa visiwa hivi ambao haukuguswa. Na katika kila nyumba iliyosomwa hitima, maneno yalikuwa yale yale tuliyorithi kwa wazee: kazi ya Mola haina makosa.

Maneno hayo ni ya kweli kwa anayeamini, na ni ya faraja kwa aliyefiwa. Lakini msiba ule ulileta maswali mawili kwa pamoja, na tangu hapo yamechanganyika vinywani mwetu. La kwanza ni la Mungu: ikiwa Yeye ni Mwenye kuona na Mwenye uwezo, kwa nini hakuizuia meli ile? La pili ni la watu: nani aliruhusu chombo kile king'oe nanga? Makala haya yanadai kwamba maswali haya mawili yote yana haki ya kuulizwa, na kwamba dhulma huanza pale jibu la moja linapotumiwa kulifunga la pili.

Mas-ala ya kadari na hiari ni makongwe. Katika karne za mwanzo za Uislamu walitokea waliosema kwamba mwanadamu hana tendo lake; yu kama unyoya upeperushwao na upepo. Hao waliitwa Jabria. Wakatokea waliosema kinyume chake, kwamba mja ndiye muumba wa matendo yake, kwani bila ya hivyo Mungu angekuwa anamwadhibu mtu kwa jambo asilolitenda. Kauli hiyo iliimarishwa na Muutazila, ambao waliongeza kwamba Mungu, kwa kuwa ni mwadilifu, hana budi kumtendea kila mja lililo bora kwake.

Kuna kisa mashuhuri kinachosimuliwa kuhusu Abul-Hasan al-Ash'ari, aliyefariki karibu na mwaka 935, na mwalimu wake al-Jubbai, bingwa wa Muutazila wa Basra. Mwanafunzi alimuuliza mwalimu habari za ndugu watatu: mmoja alikufa mtu mzima mwema, wa pili alikufa mtu mzima mwovu, wa tatu alikufa mtoto mdogo. Mwalimu akasema kwamba wa kwanza atapata daraja za juu, wa pili ataadhibiwa, na mtoto atasalimika bila ya daraja. Je, mtoto akidai kwamba laiti angeachwa akue naye angetenda mema? Mwalimu akajibu kwamba Mungu atamwambia: Nilijua kuwa ungekua ungeasi, basi nikakuchukua mapema kwa maslahi yako. Hapo mwanafunzi akauliza: je, yule wa pili akipaza sauti kutoka motoni na kusema, Mola wangu, nami ulijua habari yangu, mbona hukunichukua nikiwa mtoto? Inasimuliwa kwamba mwalimu hakuwa na jibu.

Kisa hiki hutajwa kuonyesha namna mwanafunzi alivyoachana na Muutazila. Lakini ukikitazama vyema, kinatufundisha jambo pana zaidi. Kila tunapojaribu kueleza kwa nini Mungu aliingilia kati hapa na hakuingilia pale, maelezo yetu humfariji mmoja na kumjeruhi mwengine. Hesabu haifungi. Al-Ash'ari mwenyewe alitafuta njia ya kati, akasema kwamba Mungu ndiye muumba wa tendo na mja ndiye mwenye kulichuma. Tendo huumbwa na Mola, lakini dhima yake hubaki shingoni mwa mtu. Hiyo ndiyo itikadi iliyosomeshwa na wengi wa wanavyuoni wa Kishafii wa pwani yetu. Wapo waliosema kwamba njia hiyo ni nyembamba mno kupitika. Hata hivyo, inahifadhi mambo mawili ambayo hatuwezi kuishi bila ya moja wapo: kwamba dunia haijamponyoka Mwenyewe, na kwamba mwenye kutenda ataulizwa.

Tuirejee bahari, maana mtu wa visiwani huielewa falsafa vizuri zaidi akiiona majini. Fundi wa majahazi hutia kalafati kwa pamba, huupaka ubavu wa chombo sifa, hupima uzito wa mlingoti. Nahodha huijua kaskazi na kusi, bamvua na maji mafu. Elimu yote hii inawezekana kwa sababu bahari ina kanuni zake na haizibadilishi kwa kutazama nyuso za watu. Lau mbao zingeelea chini ya mchamungu na kuzama chini ya mwovu, hapana fundi ambaye angejifunza kuunda chombo. Na lau kila meli iliyozidishwa shehena ingeshikwa na mkono wa ghaibu isizame, hapana mtu bandarini ambaye angehesabu abiria. Hiari ya mwanadamu yahitaji dunia ambamo tendo lina matokeo. Kumtaka Mungu azuie kila tokeo baya ni kumtaka atuondolee uwezo wa kuwa watu wema, kwani wema usiogharimu chochote kuuacha hauna maana.

Hoja hii ina nguvu, lakini ina mpaka wake, na mwenye insafu hana budi kuutaja. Hiari yaeleza mkono wa mtenda. Haielezi maumivu ya mtendwa. Melini mle walikuwamo waliotaka faida, na waliofumba macho. Walikuwamo pia watu waliokata tikiti kwa kuwa hawakuwa na njia nyengine ya kurejea kwao. Na walikuwamo watoto wachanga migongoni mwa mama zao, ambao hawakuchagua lolote. Hiari haikugawiwa sawa kwa wote waliokuwamo katika chombo kimoja. Kumwambia mama aliyefiwa kwamba mwanawe alikufa ili hiari ya mwenye meli ihifadhike ni kumwongezea msiba juu ya msiba. Hapa mwanafalsafa anapaswa kunyamaza kidogo. Hata Ayubu, ambaye utenzi wake umesomwa pwani hii kwa vizazi, alimlilia Mola wake, na kilio chake hakikuhesabiwa kuwa ukafiri.

Kuna wanaokataa kunyamaza, wakasema kwamba waliozama walikuwa na madhambi yao. Kauli hiyo haina msingi katika dini wala katika akili. Injili ya Luka yaeleza kwamba Yesu aliulizwa habari za watu waliopatwa na mauti ya ghafla, naye akawataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakanusha kwamba walikuwa waovu kuliko wenziwao. Nao Waislamu wamefundishwa kumhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Mila zote mbili zimekataa kuisoma maiti kama waraka wa hukumu.

Lakini kama hatuwezi kuisoma adhabu, je, twaweza kuusoma muujiza? Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Victoria. Kilikuwa kimeruhusiwa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Siku mbili baadaye waokoaji walimtoa mtu mmoja akiwa hai, aliyekuwa amesalimika penye hewa ndani ya kivuko kilichopinduka. Nchi nzima ilisema: muujiza. Nani angethubutu kumkataza mtu yule kusema kwamba Mungu ndiye aliyemwokoa? Lakini nani angethubutu kwenda ufukweni Ukara na kuwaambia waliosubiri maiti zao kwamba Mungu aliamua kumwokoa mmoja na kuwaacha wengine?

Naona kwamba jibu limo katika nafsi ya msemaji. "Mungu ameniokoa" ni shukrani, na shukrani haihitaji hoja. "Mungu amemwokoa huyu na hakumwokoa yule" ni madai juu ya siri za Mungu, na madai hayo hapana mja mwenye ushahidi wake. Vivyo hivyo kwa kadari. Aliyefiwa anaposema "ndivyo alivyopanga Mola", anajisalimisha, na kujisalimisha kwake ni ibada. Mwenye chombo anaposema maneno yayo hayo, hajisalimishi kwa Mungu. Anajificha nyuma Yake. Maneno ni mamoja, lakini la kwanza ni dua na la pili ni uongo.

Na wakati nao una hukumu yake. Kadari ni neno la baada ya tukio. Kabla ya tukio neno letu ni wajibu. Yasimuliwa kwamba Umar ibn al-Khattab, alipokuwa akielekea Sham pamoja na watu wake, alipata habari ya tauni iliyozuka huko, ile iliyokuja kujulikana kama tauni ya Amwas, karibu na mwaka 639. Alitaka shauri kwa wenziwe kisha akaamua kurejea Madina. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akakubali kwamba anaikimbia, na kwamba anakokimbilia nako ni kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mchunga aliyefika kwenye bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, ambaye popote atakapochunga hatatoka nje ya kadari. Wengi hukitaja kisa hiki kuonyesha kwamba hadhari haipingani na imani. Ni kweli, lakini pana jambo jengine humo. Umar hakuwa msafiri wa peke yake. Alikuwa kiongozi mwenye roho za watu mikononi mwake. Mtu ana ruhusa ya kuitawakalia nafsi yake kwa kiasi fulani. Hana ruhusa ya kutawakali kwa roho za wenziwe. Nahodha anayepandisha watu wa ziada kisha akasema "tutafika, inshallah" hakumtegemea Mungu. Amezitia rehani roho zisizokuwa zake, na jina la Mungu amelifanya dhamana.

Usemi wetu husema kwamba jitihada haiondoi kudura. Ni usemi wa hekima, maana humfundisha mtu aliyejitahidi na akashindwa asijiue kwa majuto. Lakini tuzingatie kwamba usemi huo umeitanguliza jitihada. Unamzungumzia aliyekwisha kujitahidi. Asiyejitahidi hana sehemu katika faraja yake.

Wapenzi wa ushairi watakumbuka kwamba Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipozitazama nyumba za Pate zilizobaki magofu, hakumshitaki Mungu wala hakumtetea. Katika Al-Inkishafi aliuelekea moyo wake mwenyewe, akauhoji. Pengine ndiyo njia iliyobaki kwetu. Swali la kwa nini Mungu hakuizuia meli ile litaendelea kuulizwa, na ni haki liulizwe, usiku, na kila aliyepoteza mtu. Jibu lake hatunalo. Lile la nani aliiruhusu iondoke, majibu yake yaweza kupatikana mchana, katika daftari za bandari na mbele ya mahakama, na hapana aya wala hadithi iliyotukataza kuyatafuta.

Na kuhusu uingiliaji kati wa Mungu, usiku ule walikuwapo wavuvi walioingia baharini kuwatafuta waliokuwa wakielea juu ya magodoro. Hapana aliyewalazimisha. Kama walitumwa na Mola, basi walitumwa kwa njia ya hiari yao wenyewe, na hiari hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa mikononi mwa waliokuwa bandarini saa chache kabla.

Wallahu aalam.