Breki Mpya kwenye Baiskeli ya Baba

Kitu kikibadilishwa kipande baada ya kipande, kinaacha lini kuwa kile kile? Plutarch aliandika kwamba Waathene waliitunza merikebu ya Theseus kwa kung'oa mbao zilizooza na kuweka mpya, hadi wanafalsafa wakaanza kubishana kama bado ni ile ile. Katika De Corpore, kitabu cha mwaka 1655, Thomas Hobbes akalikoroga zaidi: je, mtu akiziokota zile mbao za zamani akaunda merikebu nyingine?

Nyumbani kwetu Soweto, Mbeya, swali hilo lina magurudumu mawili. Ni Raleigh ya marehemu baba, fremu ya chuma, breki za fito. Mdogo wangu anaitaka ya kwendea kazini. Baba mdogo hataki iguswe. "Mkianza kubadilisha," anasema, "mtabaki na jina tu."

Hoja yake si ya kupuuza. Kwa fundi, badiliko moja halikai peke yake. Breki za fito huvuta mipira ikabana rimu upande wa ndani. Breki za waya za siku hizi hubana ubavuni. Kwa hiyo breki mpya zinadai rimu mpya. Ukinunua gurudumu zima, huenda habu yake ikawa pana kuliko nafasi ya fremu, chuma kikalazimika kupanuliwa. Halafu Raleigh nyingi zilichongwa nyuzi 26 kwa inchi pale ambapo wengine waliweka 24, kwa hiyo si kila kikombe cha dukani kitaingia. Ulianza na breki, umefika kwenye mifupa.

Lakini jamani, Mbeya ina miteremko, na mvua inanyesha kweli kweli. Rimu ya chuma ikilowa, breki hushika vibaya. Ya alumini hushika vizuri zaidi. Kumkabidhi mtu baiskeli isiyosimama, eti kwa sababu ndivyo marehemu alivyoiacha, ni kumlipisha aliye hai gharama ya kumbukumbu zetu.

Mama, ambaye hana habari na Hobbes, aliuliza kitu kimoja tu: "Kwani baba yenu alibadilisha tairi mara ngapi?" Tairi, mnyororo, pedali, siti, spoku: vyote alivibadilisha mwenyewe. Baiskeli anayoilinda baba mdogo ni ile ya siku ya mwisho. Tunachokiita asili ni pale tu kifo kilipokatiza matengenezo.

Sisemi kila badiliko ni halali. Kuipaka rangi ya kung'aa ili ionekane mpya kungekuwa kuificha. Kuiwekea breki ni kuendelea na kazi aliyokuwa akiifanya mwenye nayo.

Na yale ya Hobbes? Fundi ameshaziomba rimu za zamani. Hapa kwetu chuma hakistaafu. Zitafungwa kwenye baiskeli ya mtu mwingine asiyemjua baba, na sitamfuata kudai kwamba amepanda urithi wetu. Ya baba ni ile ambayo bado tunawajibika kuitunza.

Baba mdogo hajakubali yote. Ameomba kengele ibaki na zile fito apewe yeye. Atapewa. Mdogo wangu atapata breki.