Ni Nini Kilicho Chini ya Madhabahu Yako?

Somo: Mathayo 5:23-24, Luka 19:1-10



Pale Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuna kanisa kuu la Anglikana. Ukiingia, tembea polepole hadi mbele. Karibu na madhabahu utaona sakafuni duara la marumaru nyeupe, limezungukwa na nyekundu. Wenyeji watakueleza: hapa ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa, ili mnunuzi aone nani ana nguvu. Nyekundu ni damu yao. Kanisa limejengwa juu ya soko la watu.

Tukisikia hivyo tunapiga makofi: Mungu amegeuza! Amina, amegeuza. Lakini angalia tarehe, mpendwa. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko mwezi wa Juni 1873. Jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka huo huo. Soko kwanza lilifungwa, ndipo madhabahu ikaja.

Huo ndio mpangilio wa Yesu. Ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka palepale. Nenda kwanza mpatane, halafu urudi utoe. Hilo neno "kwanza" halikuwekwa pale kujaza nafasi!

Sasa turudi kwetu Kitengela. Kila wiki ploti zinauzwa, kuanzia barabara ya Namanga hadi ndani kabisa Kajiado. Kuuza si dhambi, kununua si dhambi. Lakini kuna ploti moja imeuziwa watu wawili. Kuna mzee ameweka sahihi na mama watoto hajui, mpaka asubuhi anapoona wageni wakichimbia nguzo za ua kwenye malisho. Kuna mjane anaambiwa kila mwezi, "Mama, hati inatoka wiki ijayo." Na dalali wa hiyo shughuli ameokoka, anakuja ibada, analeta fungu la kumi. Nasi tunaitikia Amina kwa sauti kubwa, kwa sababu jengo linahitaji mabati.

Ndugu yangu, pesa haitakaswi kwa kupita kwenye kikapu cha sadaka. Zakayo hakumpa Yesu mchango wa ujenzi. Alisema atawarudishia aliowadhulumu mara nne. Ndipo Bwana akatangaza kwamba wokovu umefika nyumba ile.

Mwingine anasema, "Pastor, hayo niliyaacha nilipookoka." Sawa, Mungu akubariki. Lakini sikia: baada ya soko la Zanzibar kufungwa, utumwa wenyewe ulikaa mpaka 1897 ndipo ukafutwa. Miaka 24! Kanisa limesimama, kengele inalia, na mtu bado ni mali ya mtu. Wewe umeacha, vizuri. Je, yule mjane amepata ploti yake?

Wiki hii, kama sadaka uliyoshika ni haki ya mtu, usituletee Jumapili. Mpelekee mwenyewe. Ukiogopa kwenda peke yako, mwambie mzee wa kanisa, mtaenda pamoja. Mabati yatangoja.

Tuombe: Bwana, tuonyeshe kilicho chini ya madhabahu zetu. Utupe ujasiri wa kurudisha, kabla ya kutoa. Katika jina la Yesu, Amina.