Herufi Moja Katika Jina la Mtu

Kwa karne nyingi Waswahili waliandika kwa herufi za Kiarabu, nazo hazina kubwa wala ndogo. Aliyeandika "bin" au "binti" hakuulizwa aliandike vipi. Swali hilo lilikuja na herufi za Kirumi, nalo si la karani peke yake. Ni swali la haki: jina la mtu ni mali ya nani?

Tulitazame neno moja mkoani Katavi. Kwa Wafipa na majirani zao Wapimbwe, mwene ni mtawala wa jadi. Kwa Kirundi, mwene fulani ni mtoto wa fulani. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi Katumba na Mishamo, upande wa Mpanda. Na mwaka 2014 serikali ilianza kuwagawia vyeti vya uraia watu wapatao 162,000 wa makazi hayo na ya Ulyankulu, Tabora. Karani akilikuza neno hilo bila kuuliza, huenda akamtawaza mtoto wa mkulima. Akilidogosha, huenda akamvua mtawala cheo chake. Na fomu inayodai herufi kubwa tupu huwafunika wote wawili.

Wako watakaotaka kanuni moja kwa wote. Lakini hata Ulaya haipo. Mholanzi huandika Jan de Vries, ila jina la kwanza likiondoka, "de" hupanda kuwa "De". Mbelgiji hufuata alivyoandikishwa. Kwetu, Siti binti Saad, Daniel arap Moi na Ngũgĩ wa Thiong'o wamezoeleka kwa herufi ndogo, na sababu yake ni njema: kiungo hicho si jina, ni kamba inayomfunga mtu na waliomtangulia. Ukikikuza, kamba inageuka mtu. Ukikifuta, binti anavaa jina la babaye kana kwamba ni lake.

Hata hivyo, mazoea hayo yasimshinde mwenye jina. Akichagua herufi kubwa, ni yake. Ni kweli kwamba dola linahitaji mtu mmoja aandikwe namna moja daima. Lakini hiyo ndiyo hoja ya kumwuliza mapema. Swali la karani huchukua nukta chache. Vyeti visivyolingana humpeleka raia kuapa mbele ya wakili kwamba yeye ni yeye.