Aliyeomba Ndiye Mdhamini

Katika darsa ya wiki iliyopita, baada ya somo kwisha, aliinuka mzee mmoja wa mtaa akauliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Mjukuu wake wa miaka tisa alitiliwa mchezo katika simu ya mamake. Kabla mtoto hajaanza kucheza, mchezo ulimtaka aandike jina lake, tarehe aliyozaliwa na anwani ya barua pepe, kisha ukaomba ruhusa ya kuyatazama majina na nambari zote zilizomo katika simu. Mtoto akabonyeza "nakubali" kila alipoulizwa. Mzee akasema: "Masheikh zangu, khabari hizi zikiibwa kesho, na jamaa zetu waliomo katika simu ile wakaanza kupigiwa na matapeli, mdhamini ni nani? Ni mwizi, ni mwenye mchezo, au ni mimi babu niliyemwacha mtoto na simu?"

Wako watakaocheka na kusema kuwa mchezo ni mchezo tu, na kwamba yako makubwa zaidi ya kushughulikiwa. Sisi hatuoni hivyo. Mchezo ni wa mtoto, lakini khabari zinazochukuliwa kwa njia ya mchezo si za kitoto: ni majina ya watu, makazi yao, na pengine fedha zao. Na mlango ambao mtu mzima huufunga kwa makini, mtoto huufungua kwa kidole kimoja ili apate kucheza. Kwa hivyo tumeona bora tulitazame jambo hili kwa utulivu, na tuanze na kisa kilichotokea kweli, tusije tukanena kwa dhana.

Mwezi wa Aprili 2011 wadukuzi waliingia katika mitambo ya kampuni ya Sony ya Japani, yenye mashine za PlayStation ambazo vijana wetu wazijua sana katika vibanda vya michezo vya mitaani. Kampuni hiyo ilikuwa na mtandao ambao wachezaji wa nchi nyingi walijiandikisha ndani yake ili wacheze pamoja na wanunue michezo. Tarehe 20 Aprili mtandao ulifungwa. Wachezaji hawakuambiwa kwamba khabari zao zimechukuliwa illa tarehe 26, siku sita baadaye. Akaunti zilizohusika zilikuwa kama milioni 77. Ili msomaji apate kukisia ukubwa wake, watu wote waliohesabiwa nchini Kenya katika sensa ya 2019 hawakufika milioni 48. Yaliyochukuliwa ni majina, anwani, tarehe za kuzaliwa na maneno ya siri. Na kampuni ikasema kuwa haiwezi kukana kwamba huenda na nambari za kadi za benki zimechukuliwa.

Tarehe 1 Mei wakubwa wa kampuni, mbele yao Kazuo Hirai, walisimama Tokyo mbele ya waandishi wa khabari wakainama kuomba radhi. Mtandao ulirudi kidogo kidogo kuanzia katikati ya mwezi huo, na wachezaji wakapewa michezo ya bure kuwa ni kiliwazo. Mwezi wa Januari 2013 ofisi ya Uingereza inayosimamia ulinzi wa khabari za watu ililitoza tawi la Ulaya la kampuni hiyo faini ya pauni 250,000, ikasema kwamba shambulio lile lingeweza kuzuiwa lau programu za mitambo zingekuwa zimefanywa mpya kwa wakati wake.

Hapa ndipo penye mas'ala. Mwenye kampuni aweza kusema: "Mimi nami nimevunjiwa. Mwizi ndiye mwenye dhambi. Mwamlaumuje mwenye nyumba iliyoibiwa?" Hoja hii si ya kudharauliwa. Mwizi ni mwizi, na uzembe wa mlinzi haumtakasi. Lakini twajua sote kwamba makosa mawili yaweza kukutana katika tukio moja. Mtu akiwekewa dhahabu ya jirani, akailaza barazani usiku, ikaibwa, hatusemi kwamba kwa kuwa mwizi yuko basi mwekewa hana lake. Twamwuliza: uliiweka wapi?

Na mafakihi wametutangulia katika jambo hili kwa upambanuzi ulio mzuri. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani hii, aliyewekewa kitu kwa amana halipi kikipotea, ila akiwa amezembea, kama kukiweka mahali pasipofanana na thamani yake. Kwa nini? Kwa sababu yeye amefanya ihsani: analinda kwa faida ya mwenye mali. Lakini aliyeazima kitu, kikampotelea pasipokuwa katika matumizi aliyoruhusiwa, hulipa, hata kama hakuzembea. Kwa nini? Kwa sababu yeye ndiye aliyeomba, na faida ni yake.

Basi twauliza: kampuni ya michezo inapochukua khabari za mchezaji, yawekewa au yaazima? Twaona kwamba jawabu si moja kwa khabari zote. Mchezaji anayetaka kununua mchezo hana budi kutoa nambari ya kadi, na khabari hiyo yatumika kwa haja yake mwenyewe. Hiyo yafanana na amana, na kampuni yadaiwa kuilinda kama ilindwavyo mali yenye thamani ile. Ama majina yaliyomo katika simu ya mamake mtoto, saa anazolala na kuamka, na mahali alipo, hayo mchezo hauyahitaji. Yameombwa ili kampuni ipate kumjua na kumwuzia, au kuwauzia wengine matangazo. Hayo ni ya kuazima, na yakipotea, hatuoni kwa nini kampuni ijifiche nyuma ya mwizi. Kipimo ni swali moja tu: khabari hii imeombwa kwa maslahi ya nani?

Hatudai kwamba mfano huu watimia kila upande. Dhahabu iliyopotea hulipwa kwa dhahabu mfano wake. Khabari haina mfano. Neno la siri laweza kubadilishwa. Tarehe ya kuzaliwa haibadiliki mpaka mtu afe. Lakini upungufu huu wa mfano hauiondolei kampuni mzigo, bali wauzidisha. Kitu ambacho kikitoka hakirudi, na hakina badali, kilikuwa na haki ya kutoombwa kabisa isipokuwa kwa haja ya kweli.

Na kutokana na hayo twafika kwenye neno ambalo ndilo hasa tulilokusudia kulisema. Watu wakizungumza juu ya usalama wa data, hufikiri juu ya kufuli na walinzi, yaani mafundi wanaozuia wadukuzi. Sisi twasema kwamba dhamana huanza mapema zaidi, siku ambayo mbuni wa mchezo ameketi na karatasi nyeupe akifikiri mchezo wake uweje. Hapo ndipo inapoamuliwa kama mchezaji ataulizwa jina lake au la. Wazee wetu wamecheza bao barazani miaka na miaka. Bao halikumwuliza mtu tarehe ya kuzaliwa, wala hakuna mwizi aliyepata kitu kwa kuiba bao. Kisichokusanywa hakiibiki. Mlinzi hodari kuliko wote hawezi kukilinda kitu kama kinavyolindwa na kutokuwapo.

Tena muundo wa mchezo waweza wenyewe kuwa ni mtego. Mwezi wa Disemba 2022 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, imekubali kulipa dola milioni 520. Katika hizo, dola milioni 275 zilikuwa ni faini kwa kukusanya khabari za watoto walio chini ya miaka 13 bila ya idhini ya wazazi, na dola milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wanunuzi waliovutwa na mpangilio wa vitufe wakanunua wasichokusudia. Tume ilisema pia kwamba mazungumzo ya sauti na maandishi yalikuwa yamewashwa tangu mwanzo, hata watoto wakakutanishwa na wageni, na kwamba wafanya kazi wa ndani walikuwa wameishauri kampuni tangu 2017 ibadilishe mpango huo. Katika kisa hiki hapana mwizi aliyevunja mlango. Mlango ulijengwa wazi, na waliokuwamo ndani walionya.

Tutaambiwa: "Michezo hii ni ya bure, na kampuni yaishi kwa nini?" Twajibu kwamba biashara ni halali na faida ni halali, lakini kitu chenye bei iliyofichwa hakiitwi cha bure. Muuzaji na ataje bei yake, ili anayetaka anunue na asiyetaka apite. Tutaambiwa tena: "Mchezaji amekubali mwenyewe, kitufe amekibonyeza yeye." Lakini aliyekubali ni mtoto wa miaka tisa, na hatujui soko lolote la watu waadilifu ambamo mtoto huyo aruhusiwa kuuza mali ya mamake. Na hata mtu mzima, akipewa masharti ya kurasa nyingi kwa lugha ya mawakili, kisha akaambiwa akubali au asicheze, ridhaa yake ni nyembamba sana.

Walakini iko hoja moja ambayo yatutaabisha kweli. Ili kampuni imlinde mtoto, hairuhusiwi isijue kuwa yeye ni mtoto. Na ili ijue, yabidi iulize umri. Je, tumeilaumu kwa kuuliza, kisha tuilaumu kwa kutouliza? Hapa twakiri kuwa pana ugumu. Lakini kuna tofauti kati ya kuuliza "Je, umetimiza miaka 13?" na kutaka siku, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, kisha kuviweka pamoja na jina miaka kumi. La kwanza latimiza haja. La pili ni tamaa iliyovaa nguo ya haja.

Sheria ya nchi yetu imekwenda njia hiyo hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka zisikusanywe khabari zaidi ya zinazohitajika, yataka idhini ya mzazi au mlezi kwa khabari za mtoto, na yataka Kamishna wa Data aarifiwe katika muda wa saa 72 tangu kampuni ijue kwamba khabari zimetoka kwa njia inayoweza kuwadhuru wenyewe. Yawahusu hata walio nje ya Kenya wanaoshughulikia khabari za watu waliopo hapa. Ni sheria njema. Lakini sheria isiyojulikana na wenye haki ni kama kisima kilichofunikwa. Yatupasa tuijue, na anayedhulumiwa apeleke malalamiko yake.

Basi jawabu letu kwa mzee wetu ni hili. Mwizi ana dhambi ya wizi. Mwenye mchezo ni mdhamini wa kila alichoomba, na dhamana yake ni kubwa zaidi katika kile alichokiomba kwa faida yake mwenyewe. Na wewe, baba, huna dhambi ya mwizi wala dhamana ya kampuni, lakini simu ni mlango wa nyumba, na jamaa waliomo ndani yake hawakumruhusu mtoto awatoe. Keti naye, mfundishe kwamba kitufe cha "nakubali" ni neno la mtu, na neno la mtu lina uzito.

Na kwa vijana wetu wanaojifunza kutengeneza programu, ambao siku moja watabuni michezo yao wenyewe, tuna nasaha moja. Kabla hamjafikiri rangi na sauti, andikeni orodha ya kila mtakachomwomba mchezaji, na mbele ya kila kimoja andikeni sababu yake. Asiyehitaji kutaja jina lake, na acheze kwa jina la kupanga. Hatua za mchezo zinazoweza kuhifadhiwa katika simu yake, na zibaki humo. Mazungumzo na wageni na yafungwe mpaka mzazi ayafungue. Na lile ambalo mbele yake hamkupata sababu, lifuteni. Huenda mchezo wenu ukaingiza faida ndogo, lakini mtalala usingizi, na wenye khabari zao watalala pia.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.