Ng'ambo ni Wapi?

Nimezaliwa Ng'ambo, Unguja. Jina hilo ni la watu wa Mjini, waliotutazama kutoka upande wa pili wa hori. Hori lenyewe lilifukiwa katika karne ya 20, likawa barabara na viwanja. Maji yamekwisha, jina limebaki. Nasi wenyewe twasema, "Twakaa Ng'ambo," kana kwamba twajitazama kwa macho ya jirani.

Neno hilo hilo twalitumia kwa safari za bahari: aliyekwenda Muscat au London yuko ng'ambo. Kaka yangu alihamia Muscat. Siku moja akaniandikia, "Hamjambo huko ng'ambo?" Nilichukia, barua nikaiacha miezi bila kuijibu. Wa ng'ambo ni yeye. Mimi niko kwetu!

Baadaye nikatambua kuwa wanawe wamezaliwa kule, na kwao pwani ya pili ni hii yangu. Ng'ambo haina mahali pake. Yataka mtu asimame ufukweni, atazame. Kumwita mwenzako wa ng'ambo si kosa. Kosa ni kusahau kuwa naye, akitazama, hukuona wewe ndiye uliye huko.

Nikamjibu: "Kaka, sisi wa ng'ambo hatujambo."