Nishani ya mwosha maiti

Shangazi yangu huosha maiti wa kike hapa Pumwani, Nairobi. Huanza upande wa kulia, akimimina maji polepole chini ya shuka ili mwili usifunuke, na maji ya mwisho huyatia kafuri. Akitoka, hasemi alichokiona: kidonda, alama, wala namna uso ulivyokuwa. Dini inamwamrisha kusitiri.

Kila Disemba 12, Sikukuu ya Jamhuri, Rais wa Kenya hutunuku nishani. Ya juu kabisa ni Mkuu wa Moyo wa Dhahabu. Katiba ya 2010 inasema heshima hizi hutolewa kwa niaba ya wananchi na Jamhuri. Raia yeyote anaweza kupendekeza jina. Nikamwuliza kama nimpendekeze.

"Mwanangu, utaandika nini? Niliyoyafanya siwezi kuyasema."

Jibu hilo limenikaa moyoni. Wanazuoni hutuonya juu ya riya, yaani kutenda mema ili watu wakuone, nami naiogopa. Lakini sikubali kwamba kila sifa ya hadharani ni dhambi. Mwaka 2004 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai alipopewa daraja la pili la Moyo wa Dhahabu, serikali ilikuwa ikimheshimu mwanamke ambaye serikali iliyotangulia iliwatuma polisi kumpiga. Huo ulikuwa ushahidi, na haki haisimami bila ushahidi. Tatizo ni kwamba dola hulipa kinachosimulika tu, na ipo huduma ambayo ukiisimulia umeiharibu.

Badala ya nishani, shangazi ameomba glavu na tangi la maji. Jumamosi tunachanga.